Tarehe 15 Septemba ni Yetu: Namna ya Kuandaa "Siku Kama Hii" ya Michezo Mkoani Singida

Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025, usiku wa manane kwa saa za Tanzania, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Siku hiyo haikuisha kabla Singida Black Stars hawajabeba Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuwafunga Al Hilal ya Omdurman 2-1. Mkoa mmoja ulipata dhahabu ya dunia na ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati ndani ya tarehe moja.

Orodha za michezo za "siku kama hii" zimejaa Ulaya na Marekani kwa sababu huko wapo watu waliozipanga, wakazihakiki, wakazihifadhi. Singida itaingia katika orodha hizo pale tu sisi wenyewe tutakapoiandika. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa michezo anayetaka kitu cha kubandika ubaoni, mtangazaji wa redio ya jamii mwenye dakika mbili kabla ya taarifa ya habari, katibu wa klabu, au kijana mwenye kundi la mashabiki kwenye simu. Mfano wetu mkuu utakuwa hiyo 15 Septemba, na tarehe nyingine zitaingia zikihitajika.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la siku 366

Nunua daftari kubwa la kaunta. Kila tarehe ipe ukurasa wake, na 29 Februari uipe wake pia. Juu ya ukurasa andika tarehe bila mwaka. Chini yake chora safu tano: mwaka, tukio, mahali, chanzo cha taarifa, na masahihisho. Hiyo safu ya masahihisho watu wengi huiruka, kisha wanaishia kufutafuta na kuchafua ukurasa. Iache pana.

Usianze na 1 Januari. Anza na mtu au timu unayoijua vizuri, ufuate maisha yake ya michezo tarehe kwa tarehe. Simbu peke yake anakupa kurasa kadhaa: 21 Agosti 2016, nafasi ya tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, 6 Agosti 2017, shaba ya dunia jijini London, 8 Agosti 2021, nafasi ya saba katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo, 30 Julai 2022, fedha ya Jumuiya ya Madola jijini Birmingham, 21 Aprili 2025, nafasi ya pili Boston. Ukizipanga hivyo unaona jambo ambalo habari ya siku moja haikuonyeshi: Tokyo ilikuja miaka minane baada ya ile shaba ya London, na katikati kulikuwa na mbio nyingi ambazo alimaliza vizuri bila kushinda.

Hatua ya pili: uliza, tarehe ya wapi?

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi huharibika, kwa hiyo hatua hii usiifanye kwa haraka.

Marathoni ya Tokyo ilipangwa kuanza saa 1:30 asubuhi kwa saa za Japani. Japani wametutangulia kwa saa sita, kwa hiyo hapa kwetu ilikuwa saa 7:30 usiku. Angalia mtego uliopo: kwa saa za kizungu, Tokyo ilikuwa 7:30 na Singida 1:30, kwa saa zetu namba hizo zinabadilishana nafasi. Mtu akinakili namba bila kuandika asubuhi au usiku, na bila kusema ni saa za wapi, msomaji atapotea kabisa. Simbu alipovuka utepe, Singida ilikuwa imepita saa tisa na nusu usiku, ikiwa tayari ni tarehe 15. New York, wakati huohuo, bado ilikuwa jioni ya tarehe 14. Ndiyo maana ukikuta habari ya Marekani inayosema Simbu alishinda Jumapili 14 Septemba, mwandishi hakudanganya. Alitazama saa ya ukutani kwake.

Mambo huweza kugeuka upande wa pili. Mkimbiaji wetu wa marathoni, John Stephen Akhwari, alipoingia uwanjani katika Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, mguu umefungwa bandeji, jua lilikuwa limezama kule. Tanzania ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 21. Na kama ilivyokuwa kwa Tokyo, pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa lilipiganwa alfajiri ya 30 Oktoba 1974, wakati Wamarekani waliokuwa wakilifuatilia kwao bado walikuwa usiku wa tarehe 29.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: tumia tarehe ya mahali tukio lilipofanyika. Ikiwa tarehe ya Tanzania ilikuwa tofauti, iandike pembeni. Usichanganye kanuni mbili katika daftari moja, hata kama unatamani tukio fulani liangukie siku ya mahafali ya shule yako.

Njia rahisi ya kujikagua ni siku ya juma. Fungua kalenda ya simu, rudi nyuma hadi mwaka husika, tazama. 20 Oktoba 1968 ilikuwa Jumapili. 2 Februari 1974, siku Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, ilikuwa Jumamosi. Ukiambiwa mechi ilichezwa Jumapili na kalenda inasema Jumatano, simama hapo hapo, tafuta upya.

Hatua ya tatu: hakiki namba, majina, na neno "wa kwanza"

Namba za riadha huwa na sababu yake zinapotofautiana. Muda wa Bayi wa Christchurch utauona ukiandikwa 3:32.2 mahali pengine na 3:32.16 mahali pengine. Vyote ni sahihi: mmoja ni muda uliofupishwa kwa utaratibu wa zamani wa saa za mkono, mwingine ni wa mashine. Chagua mmoja, na katika safu ya masahihisho utaje ule mwingine ili mwenzako asije akaufuta.

Kwa Simbu, matokeo rasmi yanampa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros, aliyekuwa wa pili, ana muda uleule. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na ushee. Siku moja kabla, kwenye uwanja huohuo, fainali ya mita 100 wanaume iliamuliwa kwa tofauti kubwa zaidi: Oblique Seville alitumia 9.77 na Kishane Thompson 9.82. Marathoni iliamuliwa kwa pengo dogo kuliko mbio za sekunde kumi! Ukipata ulinganisho wa namna hii, uhifadhi kama mboni ya jicho. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu riadha atauelewa papo hapo.

Sasa neno "wa kwanza". Baada ya Tokyo yalisemwa mengi: dhahabu ya kwanza ya Tanzania, bingwa wa kwanza wa dunia, na kadhalika. Sema kwa ukamilifu: Simbu ni Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Ukikata sentensi hiyo katikati, unawadhulumu waliotangulia. Bayi alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mbio zile zile za Christchurch. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Madola mwaka 1978 jijini Edmonton. Fabian Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, mashindano ambayo yanajitegemea. Na katika Mashindano ya Dunia ya mwaka huohuo wa 2005, jijini Helsinki, Christopher Isengwe alileta fedha ya marathoni. Hawa wote wanastahili kurasa zao.

Majina ya timu yanataka uangalifu zaidi ya majina ya watu, na sisi wa Singida tunalijua hilo kwa uchungu. Singida United ni klabu moja. Singida Big Stars, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikitokea DTB, ni nyingine. Ndiyo iliyogeuka Singida Fountain Gate, kisha ikahamia Manyara kwa jina la Fountain Gate. Singida Black Stars wa leo ni Ihefu ya zamani, iliyotokea Mbarali mkoani Mbeya. Uwanja nao ni huohuo: wazee wanaouita Namfua na vijana wanaouita Liti wanazungumzia sehemu moja.

Basi chukua tarehe 29 Novemba 2022. Siku hiyo Ihefu waliifunga Yanga 2-1 kule Mbarali na kukatisha mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Je, tunaiandika kama siku ya Singida kwa kuwa klabu ile sasa ni yetu? Mimi nasema hapana. Furaha ya siku ile ilikuwa ya watu wa Mbarali, walikuwepo, waliimba, na bado wanaikumbuka. Iandike katika daftari kama historia ya klabu, safu ya mahali iseme Mbarali, na ukiisoma redioni useme wazi timu ilikuwa inaitwa nani na ilikuwa inakaa wapi.

Hatua ya nne: ita dunia, lakini kwa kipimo

Ukishakuwa na tukio la nyumbani, tafuta lililotokea tarehe hiyohiyo kwingine. Lengo ni kumwonyesha msikilizaji kwamba siku yetu inakaa meza moja na siku kubwa za dunia.

Tarehe 15 Septemba 1978, jijini New Orleans, Muhammad Ali alimshinda Leon Spinks kwa pointi na kuwa bingwa wa uzito wa juu kwa mara ya tatu. Tarehe 15 Septemba 2000 ilifunguliwa Olimpiki ya Sydney, na wanamichezo wa Korea mbili wakaandamana nyuma ya bendera moja. Na siku ileile ya Simbu, kwenye uwanja uleule wa Tokyo, Armand Duplantis wa Sweden aliruka kwa upondo mita 6.30, rekodi mpya ya dunia. Watu wa Singida wakiambiwa kwamba siku moja ilianza na Simbu na kumalizika na Duplantis, wataona ukubwa wa mashindano aliyoyashinda mtoto wao.

Chukua mawili, usizidi matatu. Ukisoma kumi, msikilizaji atakumbuka la mwisho tu, na la mwisho huenda lisiwe letu.

Zipo tarehe chache ambazo siku moja ya mwaka mmoja inatosha yenyewe. 20 Oktoba 1968 ni mojawapo. Katika Mexico City ya siku hiyo, Kipchoge Keino wa Kenya alimwacha Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Dick Fosbury alishinda kuruka juu kwa mtindo wa kupita mgongo ukiangalia chini, mtindo ambao leo kila mrukaji anautumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alitwaa marathoni kwa 2:20:26. Na zaidi ya saa moja baadaye, kwa 3:25:27, Akhwari akafika wa mwisho, wa 57, baada ya kuanguka na kuumia njiani. Akhwari anatoka Mbulu, mkoa jirani wa Manyara. Maneno aliyoyasema alipoulizwa kwa nini hakuacha yamesambaa dunia nzima, ila idadi ya maili inayotajwa ndani yake hubadilika kutoka simulizi moja hadi nyingine. Kwa hiyo eleza maana yake kwa maneno yako: alitumwa na nchi yake kumaliza mbio, siyo kuzianza tu. Maneno ya mtu yasiyo na uhakika usiyawekee alama za kunukuu.

Hatua ya tano: wafuate walioona

Kila kitu hadi hapa unaweza kukipata ukiwa umekaa. Hatua hii inataka miguu, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu taarifa za Tokyo zitakuwepo miaka hamsini ijayo, ilhali kumbukumbu ya mashindano ya shule ya Kiomboi au Manyoni imo kichwani mwa mzee mmoja.

Nenda kwa walimu wastaafu waliosindikiza timu za UMITASHUMTA na UMISSETA. Nenda kwa waliokuwa marefa wa wilaya, kwa madereva waliobeba wachezaji, kwa akina mama waliocheza netiboli. Msalimie mzee kwa adabu, eleza unachotafuta, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Usiulize "Ilikuwa tarehe ngapi?" Atakuambia hakumbuki, na mazungumzo yatafia hapo. Muulize: ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada? Sokoine alikuwa hai? Ilikuwa kabla ya mvua zile kubwa za El Niño? Mwalimu Nyerere alikuwa ameshafariki? Alizeti ilikuwa imeshavunwa?

Majibu ya namna hiyo yanabana miaka. Vita vilikuwa 1978 hadi 1979, Sokoine alifariki 12 Aprili 1984, mvua zile zilinyesha 1997 na 1998, na Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. Mzee akisema mechi ilikuwa "mwaka ule wa msiba wa Mwalimu, wakati wa mavuno", umepata mwaka na umepata msimu. Kisha muulize kama ana cheti, picha yenye maandishi nyuma, barua ya mwaliko, au kikombe chenye maandishi yaliyochongwa. Kitu kidogo cha aina hiyo ndicho kinachokupa tarehe kamili. Piga picha pande zote mbili na urudishe palepale.

Kwa magazeti ya zamani, uliza maktaba ya mkoa kwanza. Ukifika Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, tenga siku moja uende Maktaba Kuu au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatazame Uhuru na magazeti mengine ya wakati huo. Daima tazama toleo la siku inayofuata mchezo, kwa kuwa gazeti la siku yenyewe lilichapwa kabla mpira haujaanza.

Tukio likikosa uthibitisho wa pili, liandike kwa penseli. Likipata, lipitie kwa kalamu.

Hatua ya sita: andika dakika moja iliyoonekana kwa macho

Usisome matokeo kama mahesabu ya duka. Chagua dakika moja, isogeze karibu, mengine yafuate kwa ufupi. Huu hapa mfano wa kusoma redioni:

"Siku kama hii, tarehe 15 Septemba 2025. Uwanja wa Taifa wa Tokyo, asubuhi yenye joto na unyevu. Wanaume watatu wanaingia uwanjani karibu pamoja baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia: Mjerumani Amanal Petros, Muitaliano Iliass Aouani, na Alphonce Simbu wa Tanzania. Katika mita za mwisho Petros yuko mbele. Simbu anakuja. Wanarusha vifua kwa pamoja, Petros anaanguka chini akivuka mstari, na hakuna anayejua nani ameshinda. Wote wanasubiri picha. Jina linalotokea juu ni la Simbu, kwa sekunde 0.03. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Na siku hiyohiyo, kwenye Uwanja wa KMC Dar es Salaam, Singida Black Stars wanaifunga Al Hilal 2-1, mabao yote mawili ya Clatous Chama, na kombe la Kagame linakuwa la Walima Alizeti."

Soma kwa sauti ukijipima kwa saa ya simu. Ukikwama kwenye sentensi, ikate. Majina ya kigeni yafanyie mazoezi kabla ya kwenda hewani, na mtu wa karibu akusikilize. Kwa ubao wa shule punguza nusu, uandike kwa herufi kubwa, uubandike asubuhi kabla ya mstarini.

Hatua ya saba: panga mwaka, na usiogope siku tupu

Siyo kila tarehe itapata tukio la Singida, na usilazimishe. Wiki moja kabla ya kila siku utakayoitangaza, rudi ukurasani, hakiki tena, tazama safu ya masahihisho. Msikilizaji akipiga simu kukusahihisha, mshukuru hewani, andika alichosema, umuulize alikuwa wapi siku hiyo. Mara nyingi huyo ndiye shahidi uliyekuwa unamtafuta.

Siku za kushindwa ziingize pia. Tarehe 2 Juni 2018, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Singida United walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Mtibwa Sugar na kufungwa 3-2. Tarehe 29 Juni 2025, Singida Black Stars walifungwa 2-0 na Yanga katika fainali ya kombe la shirikisho kule Zanzibar, miezi mitatu kasoro kabla ya Kagame. Mabasi ya mashabiki yaliondoka Singida kwenda Arusha mwaka ule wa 2018, na waliopanda bado wapo mjini, wengine wana fulana zao kabatini. Ukurasa wa 2 Juni uanze kuujaza kwao: nani aliendesha, waliondoka saa ngapi, waliimba nini njiani, na nani alilia wakati kipenga cha mwisho kilipolia.